Dari la Mahfudh bin Ghasib

Siku ya tisa niko chali juu ya jukwaa,
pua yangu shibri moja na boriti,
naondoa masizi ya miaka mia mbili
kwa pamba, maji, na mate kidogo.
Mate, ndiyo. Nilifundishwa Florensi:
hakuna sabuni laini kuliko kinywa cha mtu.

Chini Sleyum ananishikia ngazi
na kujihesabia tende.
Nje ni Al Hamra, jua la saa saba,
nyumba za udongo zinabomoka kimyakimya
kama watu wazima wasiotaka kusumbua.

Boriti ya kwanza: Jina la Mungu kwa wino mweusi,
herufi zimesimama kama safu ya wanaoswali.
Chini yake, ndogo kwa upana wa kidole tu:
*Imejengwa na Mahfudh bin Ghasib,
mfanyabiashara wa tende, mja mnyonge.*
Mnyonge! Na dhahabu imepakwa mpaka kwenye nukta.

Nilimcheka, kisha nikakumbuka
kanisa lile, asubuhi ya baridi,
Maria na joho la buluu, mtoto pajani,
na pembeni, magoti chini, tajiri wa sufu
aliyelipia rangi:
kofia kifuani, jicho moja kwa Maria,
la pili kwetu, aone kama tumemwona.
Mwalimu akasema buluu ile ni jiwe la Badakhshani,
lilivuka milima na maji, likapimwa kwa dhahabu.
Nikamwambia, basi huenda lilipita kwetu.
Hakunijibu. Alikuwa anatafuta miwani yake.

Leo, pembe ya kusini, masizi yakanyanyuka:
ndege.
Kifua chekundu, bawa la buluu,
punje ya komamanga mdomoni,
na shingoni mstari mmoja mweusi wa kumkata,
asije akadai roho.

Mkuu wa idara, simuni: "Futa mstari.
Tunataka kazi ya asili."
Kitukuu cha mwenye nyumba, mlangoni, kanzu imepigwa pasi:
"Uache. Ukifuta, malaika hawaingii humu."
Miaka yote hii wameingia popo tu,
nikasema moyoni. Nikaisogeza taa.

Mstari haukupita juu ya rangi kavu.
Wekundu umeingia kidogo kwenye weusi,
kama maziwa kwenye chai isiyokorogwa.
Mkono ni uleule.
Alimchora, akampenda,
naona alivyompenda, unyoya kwa unyoya,
na kabla hajakauka akachovya kalamu
kwenye wino uleule wa Bismillahi
akamchinja.

Karatasi ya idara ina visanduku viwili:
pambo la dini, pambo la dunia.
Tia alama kimoja.
Nikaandika *shingo*, nikafuta.

Alasiri nashuka nitie udhu.
Buluu imeganda ukuchani, maji hayapiti.
Nampigia mama, yuko Barka: udhu wangu utaswihi?
Anacheka kwa Kipemba chake chote.
"Kwangua, mwanangu. Mungu hagombi na rangi,
agomba na uvivu."

Nakwangua kwa kijiti cha mswaki.
Chembe moja inaanguka karatasini,
mpakani hasa pa visanduku viwili,
na Sleyum, Mungu amsamehe,
anainama na kuipuliza,
kadhani ni vumbi.