Abee kwa Jina Lisilokuwepo

Ofisi ya maji, Wete, saa nne usiku.
Feni inalalamika, chai imeota utando.
Kitu nimekiumba mwenyewe, nikakiita Bomba,
nikakipa kazi saba, kila moja na jina lake.
Ukikiita kwa moja ya saba, kinaitika.
Ukikiita kwa ya nane, kinaanguka:
jina hili silijui,
na skrini nyekundu kama jicho la mgonjwa.

Nani ataandika kazi mia?
tafuta_kwa_kijiji, tafuta_kwa_mita,
tafuta_kwa_deni, tafuta_kwa
chochote atakachoamka nacho mkurugenzi.

Ndipo nikamkumbuka Bi Mize wa Limbani.
Kibarazani, akipeta mchele,
aliitikia hodi za kichochoro kizima.
Hodi kwa mkunga: "Abee! Kenda Konde, arudi Alhamisi."
Hodi kwa fundi cherehani: "Abee! Suruali yako tayari, lete elfu mbili."
Wanasema asiyekuwepo na lake halipo;
kwa Bi Mize lilikuwepo,
limefungwa kwenye pindo la kanga.

Nikaandika kazi moja, ya kukaa mlangoni,
ipokee kila wito usio na mwenyewe:
inalishika jina, inalipasua penye "kwa",
inatazama mkia uliobaki,
kijiji? mita? deni?
kisha inakwenda kuleta.
Mistari kumi na mmoja. Nilicheka peke yangu.

Wiki ya pili, Kiuyu walikaa siku tatu bila maji
na ripoti yangu imeandika: malalamiko, sifuri.
Hamdu alikuwa ameita tafuta_kwa_kijji.
Kitu changu hakikuanguka, hakikupiga kelele.
Kiliitika abee kwa adabu zote,
kikarudi mikono mitupu, kikanyamaza.
Watu wakabeba ndoo kwa sababu ya "i" moja.

Hapo ndipo nikamkumbuka vizuri.
Mgeni alikuja kumuulizia Faki Makame,
naye Bi Mize akaitika, akaweka ungo chini.
"Abee. Huyo simjui, mwanangu. Panda kwa sheha ukaulize."

Kataa neno, usikatae wito.
Mimi nilikuwa nimeshika nusu ya pili tu.

Nimeongeza mstari wa kumi na mbili:
usilolijua, lipandishe kwa mzazi wako,
yeye aanguke kwa sauti.
Usiku huu skrini imewaka nyekundu mara mbili.
Nimemimina chai mpya.