Karani Hakuwa na Kh

Alifika saa nne, Bi. Nasipwondi,
na mkebe wa mafuta ya kupikia, umejaa risiti.
Wino ulishageuka rangi ya chai ya jana.
"Mume wangu aliuza miwa miaka kumi na sita," alisema,
"na ofisi inadai ni trela arobaini na moja tu.
Hesabu wewe."

Chumba changu kiko nyuma ya duka la mbolea, Kimilili.
Kompyuta ni kuukuu, feni yake inakoroma,
na ndani yake nimerithi rekodi za mzani:
faili elfu tisa mia nne na kumi na mbili,
folda tumboni mwa folda,
nyingine zimeitwa "mpya", "mpya_kabisa",
"mpya_kabisa_usifute".

Kipanya sikukigusa. Nilifungua dirisha jeusi
lisilo picha wala kitufe,
kishale tu kinapepesa, kinangoja neno.
Pale hapana karibu wala pole.
Mwaka juzi niliandika rm, kisha kinyota,
kisha, kwa kidole kizembe, nafasi moja
yenye upana wa mbegu ya ufuta,
na msimu mzima wa miwa ukaenda
bila moshi, bila kishindo.
Haikuniuliza, "Una hakika?"
Ilinitii.
Tangu siku hiyo husoma mstari mara tatu,
midomo ikicheza, ndipo nibonyeze enta.

Nikaandika:

    grep -rh "Khaemba" mizani/ | wc -l

41.

Mama akaitazama namba ile
kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu.
"Hata ofisi ilisema hivyo hivyo."
Akanyamaza. Kisha akauliza
ni akina nani waliokuwa wakiandika pale mzanini.
Mimi sikujua. Yeye alijua.

"Wa kwanza alikuwa wa hapa hapa.
Wa pili alitoka ng'ambo ya Nyando, kijana mpole,
lakini koo lake halikuwa na kh. Akamwandika Kaemba.
Yule wa mwisho alipenda njia ya mkato: Haemba.
Mume wangu aliyaitikia yote.
Foleni ya matrekta imefika barabarani, jua la saa nane,
nani abishane na herufi?"

Kumbe mashine haikuwa imedanganya.
Nilikuwa nimeiuliza swali jembamba.
Nikalipanua: K, halafu h,
na nyuma ya h alama ya kuuliza,
maana yake: awepo, asiwepo, mpokee;
kisha kijistari cha wima, yaani "au",
na H peke yake, mlangoni.

    grep -rhE "(Kh?|H)aemba" mizani/ | wc -l

68.

Trela ishirini na saba
zilikuwa zimeegeshwa gizani miaka yote hiyo,
miwa yake imekwisha kuwa sukari
katika vikombe vya watu nisiowajua.

Hakupiga vigelegele. Alifunika mkebe.
Nilitaka niyanyooshe majina yote yawe Khaemba;
sed ingemaliza kabla hajakohoa.
Akanishika mkono.
"Acha yalivyo. Wakiona yameandikwa vizuri,
watasema tumeyapika."
Basi nikachapisha makosa kama makosa,
tarehe, tani, namba ya trela,
kurasa nne, shilingi arobaini.
Alilipa kwa sarafu, akazihesabu mara mbili.

Alipoondoka niliihifadhi amri ile iwe skripti,
niifundishe kuivunja kh yenyewe, njia zote tatu.
Mahali palipokuwa na jina la marehemu
niliandika dola, kisha moja.
Hiyo si pesa.
Ni kiti kitupu, anakikalia yeyote atakayetajwa.

Nje, kwenye benchi la duka la mbolea,
mzee Makhanu alikuwa amekwisha kuketi,
mfuko wa risiti mapajani.
Nilimwita ndani,
nikamwomba anitamkie jina lake,
polepole, mara mbili.