Kijiko cha Udongo

Julai ya Kabete ina ukungu wa aina mbili:
ule unaoficha barabara ya Waiyaki alfajiri,
saa nne ukaondoka bila kuaga,
na huu unaobaki chini ya majani ya nyanya,
mweupe, laini,
kama unga uliomwagwa na mtoto.

Nilipuliza dawa. Nikapuliza tena.
Kopo likaisha, kikohozi changu kikaanza,
na ukungu ukakaa kitako, ukinitazama.

Mstari wa sita, karibu na tangi lililotoboka,
mche mmoja tu ulikataa kuugua.
Mutheu, anayesomea udongo, hakuuangalia.
Alipiga magoti,
akachota kijiko kimoja mizizini pake,
akakitia katika chupa ya jemu, akaenda zake.
Mume wangu akacheka: "Msomi kaiba matope."

Wiki tatu. Akarudi na kidumu
cha maji meupemeupe yenye harufu ya uji uliolala.
"Ni bakteria," akasema, "na wako hai.
Usiwape maji moja kwa moja kutoka mferejini,
klorini ya kanjo itawamaliza;
yaache kwenye beseni usiku kucha.
Wala usiwatoe juani. Ngoja jioni."

Nimelea watoto wanne.
Sijawahi kuambiwa nibembeleze vijidudu.

Basi kila magharibi pampu mgongoni,
polepole, kama aliyebeba mtoto mwenye usingizi,
nikawamwaga mizizini, nikawanyunyiza majanini,
hao nisiowaona.
Wakawahi. Wakakalia viti vyote.
Kuvu ilipobisha hodi
hapakuwa na pa kuketi.

Sisemi muujiza. Mistari miwili ya mwanzo
niliing'oa, nikaichoma, macho yakaniwasha
kwa moshi, na si kwa moshi tu.
Ila ile mingine ilichipua upya,
shina kijani hadi chini,
na Agosti nikashusha Marikiti kreti kumi na moja;
dalali akazigeuzageuza akitafuta doa,
akakosa la kunipunguzia bei.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," nikamwambia Mutheu.
Akatikisa kichwa, akainua ile chupa ya jemu,
tope bado limeganda kwenye kifuniko.
"Mgeni yupi, mama? Hawa ni wa hapa hapa.
Wewe ndiye uliyekuwa ukiwapulizia dawa
kila Jumamosi."