Jua la Saa Mbili Usiku

Navua saa, navua mkufu, naacha funguo juu ya jiwe:
shimo la sumaku halitaki chuma.
Mita mbili chini, nyuma ya mgomba wa mwisho,
kifaa kinaisikiliza dunia ikitetemeka
mtetemo ambao maji ya glasi hayaujui.
Kila Jumapili saa nne mstari unaruka.
Si jua. Ni bajaji ya Kiwelu inatoka kanisani.
Pembeni nimeshaandika, kwa penseli: Kiwelu.

Mama huuliza asubuhi: nianike maharage?
Namwambia hewa yangu iko juu ya hiyo,
kilomita mia tatu, mvua yake hailowanishi mtu.
"Basi mshahara wanakulipa wa nini?"
Anayaanika. Mara nyingi hupatia kuliko mimi.

Maana huko juu, jua likishazama nyuma ya Meru,
hewa yenye chaji hubaki kama mbege kwenye pipa:
chini yachacha, juu imetulia,
halafu povu moja linajitafutia njia,
linapanda, linavimba, linapasua,
na sauti ya setilaiti ikipita humo
hufika kwetu na kigugumizi,
kama mtu aliyeamshwa ili ajibu salamu.

Machi, tarehe kumi na tisa, niliandika:
Usiku wa leo, tulivu.
Nikatia sahihi. Nikatuma uwanja wa ndege,
mtu wa zamu akajibu kama siku zote: Imepokelewa.
Nikaenda kula.

Jioni hiyohiyo, Kibosho,
mpima ardhi Elirehema Mmari alikuwa amechelewa.
Mvua ya mchana, pikipiki kwenye tope.
Vigingi vitatu alikwisha kuvipiga;
cha nne akakipiga kwa tochi ya simu, saa mbili kasoro.
Kipokezi kikampa namba. Namba hazina haya.
Mpaka ukaliacha isale,
ukatambaa mita tatu na nusu,
ukaingia jikoni kwa Ndeshimuni:
mafiga mawili yakabaki kwake,
la tatu likawa la shemeji yake.

Wiki mbili hawakusalimiana.
Kisha mtu akaling'oa isale, usiku.
Hilo halisemwi kwa sauti.
Kwetu isale hubebwa kwenda kuombea radhi.

Habari nilipewa na mama, akichambua maharage.
Nikafungua kumbukumbu za usiku ule:
mstari umechanika kuanzia saa moja na nusu,
kama shuka iliyoburutwa kwenye miiba.

Nikapanda Kibosho, barazani, grafu nimeikunja mara nne.
Nikasema: ni jua.
"Jua?" akauliza mwenyekiti. "La saa mbili usiku?"
Wakacheka, pande zote mbili za mpaka,
na nadhani kile kicheko kilifanya kazi kuliko grafu.
Nikangoja kitulie. Nikamalizia:
yuko mtu ambaye kazi yake
ni kusema usiku upi usiaminiwe,
na usiku ule alisema tulivu.
Mtu huyo ni mimi.
Hapo hakucheka mtu.
Ndeshimuni alitazama viatu vyangu vilivyojaa tope,
akanisogezea kigoda.

Kesho yake, saa tatu asubuhi, Elirehema alipima upya.
Namba zikaangukia kwenye kishimo kilekile,
vijizizi vilivyokatika bado vibichi.
Nani alilirudisha isale, sikuona.
Nilikuwa nimeshashuka, kuwahi zamu.

Sasa ni Septemba. Jua lina madoa manne
na mapipa yameanza kuchacha.
Fomu inataka neno moja: tulivu, au dhoruba.
Nimeandika huenda,
neno ambalo fomu haikuliwekea kisanduku.
Elirehema nimemtumia ujumbe wake peke yake:
Usipime baada ya machweo.
Akajibu: Niko nyumbani, nakula.

Saa mbili na robo mstari unaruka.
Leo Jumanne. Kiwelu amelala mapema.
Natafuta penseli.