"Kuwa" Mbili

Saa kumi na moja alfajiri mwili hujiamrisha: simama!
Hakuna gwaride. Kuna mvua ya Coimbra,
na Ilduara kavuta blanketi lote upande wake.

Darasani vijana huniita babu; nina thelathini na nne.
Profesa Quitério asema Kireno kina "kuwa" mbili,
ya kudumu na ya kupita.
Nanyoosha mkono: askari huangukia ipi?
Kicheko. Yeye hakucheka.

Jumamosi tukapanda mlima wa Lousã bila ramani.
Kila jiwe nililipima kama kinga.
"Watafuta nini?" mke wangu akauliza,
midomo myeusi kwa matunda ya miibani.
Sikujibu.
Akakifumbua kiganja changu, kidole kwa kidole,
akakijaza.