Foleni Iliyogandishwa

Nje ni nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri,
ziwa limekaza taya,
nami Raili, binti wa Toivo Hyttinen, nimevaa fulana
ndani ya kinu kilichomla baba yangu miaka thelathini na mmoja
kisha kikamtema na saa ya ukutani.
Karatasi hazipikwi hapa tena.
Palipokuwa na mtambo wa tatu,
uliotetemesha vikombe mpaka ng'ambo ya mto,
sasa pana makabati meusi, safu kwa safu,
yanavuma kama mtu anayewaza huku amefumba mdomo.

Wageni huniuliza: zote si seva tu?
Nami huwauliza: jikoni kwenu, vyote si vyombo tu?
Hii ya wavuti haina haya: yeyote apigaye hodi hupewa ukurasa,
hata saa tisa usiku, hata mwizi.
Ya hifadhidata haionani na wageni. Imekaa nyuma,
inajua kila kitu, hujibu ulichouliza
na nukta moja haizidishi.
Wakala husimama mlangoni akisema kwa niaba ya wenzake;
muulize nani yumo ndani, atakuuliza wewe ni nani.
Ya saa ni ndogo kuliko sanduku la mkate,
lakini zote huitazama yeye:
ikikosea nusu sekunde, benki mbili zitagombana.
Na ile ya majina, usiidharau. Haibebi mzigo.
Unaitajia jina, inakutajia namba, basi.
Herufi moja ikipungua, hujafika popote duniani.

Usiku huu agizo limekuja: zima ya kumi na saba,
seva ya barua ya kinu cha zamani.
Hakuna anayeitumia. Feni yake inakohoa.
Kabla ya kuzima hukagua foleni, ndiyo desturi,
nikakuta barua moja imegandishwa
(ndivyo mashine isemavyo, imegandishwa)
tangu Machi, miaka ishirini na miwili.
Kutoka: T. Hyttinen, mtambo wa tatu.
Kwenda: ofisi ya mishahara, herufi moja pungufu.
Kichwa: Ruhusa, Alhamisi, saa mbili tu.

Sikuifungua.
Alhamisi ile naijua.
Nilikuwa na miaka kumi, na filimbi, na shati lililonibana kwapani,
naye akaja, akasimama nyuma ya ukumbi na viatu vya kazini,
theluji ikimyeyukia mabegani.
Mwisho wa mwezi akakatwa siku nzima.
Alisema tu: hawakunijibu.

Seva ilijaribu. Nimeona kwenye kumbukumbu zake:
ikajaribu, ikajaribu, siku tano,
kisha ikaiweka. Haikuitupa.

Akiba haiozi. Nikachukua nakala, nikaipeleka kwenye chelezo,
neno zuri hilo, kitu kinachobaki kuelea
pale chombo kilipozama,
nikabonyeza.
Feni ikazunguka kidogo, kwa uvivu, ikaacha.

Joto la mashine hizi hupita kwenye mabomba chini ya barabara
mpaka nyumba za wastaafu.
Asubuhi nilimkuta baba dirishani, soksi mkononi.
"Leo chumba kimepoa," akasema, "kidogo tu."
Nikamwambia tumezima moja.
"Ilikuwa inafanya kazi gani?"
"Ilikuwa inakuombea ruhusa."