Mikono Juu

Saa moja, Kichwele, mchanga bado una umande.
Kanzu tumezitundika kwenye ua wa makuti,
zinapunga mikono ovyo, hazifuati hesabu.

Mwalimu Mwinchande, askari wa zamani,
ana filimbi shingoni na goti lisilokunjika.
"Moja! Pinda! Mbili! Nyoka!"
Pazi mdogo akaruka, akatazama chini.
Nje, wachukuzi wa bandarini wanacheka:
hawa wananyanyua nini, hewa?

"Mikono juu!"
Tukainua, arobaini na mmoja.
Yeye akanyamaza.
Akatutazama viganja vitupu,
filimbi ikamdondoka mdomoni.

"Shusheni," akasema.
"Shusheni, wanangu. Vita vimekwisha."

Kisha, bila kutugeukia,
akatupa mpira.